SOMO KWA MATAWI: DISKI MPYA ISIYOONEKANA



Katika matawi mengi siku hizi daftari la wanachama limo ndani ya kompyuta. Humo mna majina, namba za kazi, tarehe ambayo kila mmoja alianza kazi, michango ya kila mwezi na mashauri yaliyo mbele ya mwajiri. Kompyuta ikifa, tawi huwa kama mnyapara aliyepoteza kitabu cha mahudhurio. Kazi imefanyika, lakini nani ataonyesha ni nani aliyeifanya?

Jambo hilo lilitupata sisi wenyewe katika tawi la mashamba ya chai hapa Uganda. Kompyuta yetu ni ya mezani, tuliinunua kwa michango ikiwa imekwisha kutumika ofisini mahali pengine. Diski yake ilianza kutoa mlio wa tik-tik, tukaudharau. Siku ya nne haikuwaka tena. Wakati huo tulikuwa tunatayarisha orodha ya wachumaji waliopunguzwa kazi, ili tudai malipo yao, na zilibaki siku tisa tu kabla ya kikao na mwajiri.

Tukanunua diski mpya, tukaifunga, tukachomeka flashi yenye mfumo. Mashine ikawaka vizuri. Ikatuuliza lugha, tukajibu. Lakini ilipofika mahali pa kuchagua diski ya kuwekea mfumo, orodha ilikuwa tupu. Diski ilikuwa ndani ya kasha, tumeifunga kwa mikono yetu, lakini mashine ilisema haioni kitu.

Fundi mmoja wa mjini alituambia kwamba ubao mama umekufa na yatupasa kununua mwingine. Bei aliyotutajia ilipita mshahara wa mchumaji wa mwezi mzima. Ndugu, ubao mama haukuwa umekufa. Kilichotakiwa ni kubadili neno moja tu katika mipangilio ya mashine, kazi ya dakika tano. Tusingetafuta kujua, tungalitoa fedha za wanachama bure, na siku tisa zingalipita.

Kwa hiyo somo hili tumeliandika ili tawi jingine lisiingie katika shimo lilelile.

MANENO YA SOMO

Kwanza tuelewane juu ya maneno.

Diski ni ghala. Ndimo yanamokaa mafaili yote, hata umeme ukizimwa. Ziko diski za sahani zinazozunguka, na ziko diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka, ambazo huitwa SSD.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoendesha kompyuta nzima, mathalani Windows au Linux. Bila huo, mashine ni chuma tu.

Kusimika mfumo ni kuuweka mfumo ndani ya diski, kama fundi wa kiwanda anavyosimika mashine juu ya sakafu. Kazi hiyo hufanywa na programu ya kusimika, ambayo sisi huwa nayo katika flashi.

BIOS ni programu ndogo ya asili iliyomo ndani ya ubao mama wenyewe. Ndiyo inayoamka kwanza tukibonyeza kitufe cha kuwashia. Katika mashine mpya jina lake hasa ni UEFI, lakini watu wengi wameendelea kuiita BIOS, na sisi tutafuata desturi hiyo.

Draiva ni programu inayoufundisha mfumo namna ya kusema na chombo fulani. Bila draiva, mfumo na chombo ni watu wawili wasioelewana lugha.

MASWALI MANNE

Mfanyakazi mgeni akifika kiwandani, mambo manne hutakiwa kabla hajaanza kazi. Lazima awe amefika getini kweli. Lazima mlinzi amwone na kumwandika. Lazima aelewane lugha na msimamizi. Na mwisho aonyeshwe mahali pake pa kazi. Likikosekana moja, hafanyi kazi, ingawa mtu mwenyewe ni mzima.

Diski nayo ni hivyo. Ikiwa haionekani, tujiulize maswali manne, na tuyaulize kwa mpango huu huu, bila kuruka hata moja:

1. Je, diski imefungwa sawasawa?
2. Je, BIOS inaiona?
3. Je, programu ya kusimika ina draiva ya kuifikia?
4. Je, diski imepimwa kwa namna inayokubalika?

Ubaya wa mafundi wengi ni kurukia jibu kabla ya kuuliza. Sisi tufanye kama mafundi mitambo wetu wazuri wafanyavyo kiwandani: badili kitu kimoja tu kwa wakati, jaribu, andika katika daftari ulichokifanya. Ukibadili vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hujui ni kipi kilichoiponya.

SWALI LA KWANZA: JE, IMEFUNGWA SAWASAWA?

Zima mashine na uchomoe waya wa umeme ukutani. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa diski, maana umeme wa mwilini, ule unaoruka wakati wa kiangazi, waweza kuua chombo.

Diski ya SATA hutaka nyaya mbili. Mmoja ni mwembamba, wenye vishikizo 7, nao hupitisha habari. Wa pili ni mpana, wenye vishikizo 15, nao huleta umeme. Mara nyingi mtu hufunga mmoja na kuusahau mwingine. Chomoa nyaya zote mbili, uzirudishe mpaka zikae imara. Bado haionekani? Jaribu waya mwingine wa habari. Kisha jaribu tundu jingine kwenye ubao mama. Waya ni kitu rahisi, nao huharibika mara nyingi kuliko ubao mama.

Diski ya M.2 haina nyaya. Ni kibao chembamba kinachochomekwa moja kwa moja katika ubao mama. Huingizwa kwa kuinamishwa kidogo, kisha hulazwa na kufungwa kwa skrubu moja ndogo. Ikiwa haikuingia hadi mwisho, haitaonekana.

Hapa pana mtego, nasi tunaomba kila mnunuzi wa tawi aukumbuke. Diski za M.2 zafanana kwa umbo, lakini ziko za aina mbili. Nyingine husema lugha ya SATA, nyingine husema lugha ya NVMe. Tundu lililojengwa kwa ajili ya SATA peke yake halitaiona diski ya NVMe hata tukiiomba mchana kutwa. Diski ni nzima, ubao ni mzima, lakini havikuumbwa kuishi pamoja. Kwa hiyo kabla ya kununua, soma kitabu cha mashine, au tafuta maelezo ya ubao mama kwa namba yake, uone tundu lakubali nini. Na kabla ya kulipa, mwombe mwuza duka akuandikie kwenye risiti kwamba diski isiyofaa mashine yenu itabadilishwa.

Jambo jingine: katika baadhi ya mbao mama, ukiweka diski ya M.2, tundu moja la SATA huzimika, kwa sababu yanatumia njia moja. Mtu huona diski mpya imekuja na ya zamani imetoweka, akafikiri imekufa. Haijakufa. Ihamishie tundu jingine.

SWALI LA PILI: JE, BIOS INAIONA?

Washa mashine, na papo hapo bonyeza kitufe cha kuingilia BIOS. Katika mashine nyingi ni F2 au Delete, na katika nyingine ni F10 au Esc. Kwa kawaida huandikwa kwenye kioo kwa sekunde chache. Ukiingia, tafuta ukurasa unaoorodhesha diski. Angalia kama jina na ukubwa wa diski mpya vimo.

Swali hili ndilo njia panda ya somo zima, kwa hiyo tulishike vizuri.

Ikiwa BIOS haioni diski, usihangaike na programu ya kusimika, wala usipoteze siku kutafuta draiva. Tatizo liko nyuma: waya, tundu, aina ya diski, au diski yenyewe. Rudi katika swali la kwanza. Tazama pia kama tundu hilo limezimwa ndani ya BIOS, maana matundu yaweza kuzimwa moja moja. Mwisho, ipeleke diski ukaijaribu katika mashine nyingine. Ikionekana huko, diski ni nzima. Isipoonekana popote, irudishe dukani na risiti yako.

Ikiwa BIOS inaiona diski, lakini programu ya kusimika haiioni, basi shangilia. Chuma ni kizima. Diski ina umeme, njia ya habari ipo, na ubao mama unafanya kazi. Mtu akikuambia wakati huo ununue ubao mama mwingine, mwulize: kama umekufa, ni nani aliyelisoma jina la diski na kuliandika hapa kwenye kioo? Sisi hatukulijua swali hili siku ile.

SWALI LA TATU: JE, DRAIVA IPO?

Ndugu wengine watauliza: yawezekanaje BIOS ione na programu isione? Jibu ni kwamba kila mmoja hutumia macho yake. Programu ya kusimika, ikishawaka, huacha macho ya BIOS na kutumia draiva zake yenyewe. Na draiva zake ni zile tu zilizotiwa ndani ya kifurushi siku kilipotengenezwa.

Tutazame miaka. Windows XP ilitoka mwaka 2001. Mpango wa kuendesha diski uitwao AHCI ulikuja mwaka 2004. XP ingeujuaje? Ndiyo maana watu wa wakati ule walikuwa wakibonyeza F6 mwanzoni mwa kusimika na kuingiza draiva kwa disketi. Vivyo hivyo Windows 7 ilitoka mwaka 2009, nao mpango wa NVMe ulichapishwa mwaka 2011. Kwa hiyo mwenye flashi ya zamani ya Windows 7 ataona orodha tupu akiwa na diski ya NVMe. Flashi haina kosa, ila ilizaliwa kabla ya diski. Dawa yake ni kutumia mfumo mpya zaidi.

Lakini sisi tulikuwa na flashi mpya. Kilichotukwamisha ni jambo jingine, nalo ni la kawaida sana katika mashine zilizotoka maofisini.

Ndani ya BIOS mna mpangilio unaosema diski ziendeshwe kwa namna gani. Huandikwa "SATA Operation", "SATA Mode" au maneno yanayofanana na hayo. Namna moja ni AHCI, ambayo mifumo yote ya siku hizi inaifahamu. Namna nyingine ni RAID, iliyokusudiwa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Kompyuta nyingi za ofisini hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa RAID, ingawa zina diski moja tu. Katika hali hiyo, diski ya NVMe hufichwa nyuma ya kidhibiti cha RAID, na programu isiyo na draiva ya kidhibiti hicho haioni kitu.

Tulibadili neno RAID likawa AHCI, tukahifadhi, tukawasha tena. Diski ikatokea.

Katika mashine mpya zaidi zenye chipu za Intel, kuanzia kizazi cha 11 kilichotoka mwaka 2020, kizuizi hicho huitwa VMD. Katika nyingi ya hizo unaweza kuingia BIOS na kuizima VMD, na diski itaonekana. Nyingine, hasa za kubeba, huficha mpangilio huo. Hapo ndipo yatupasa kuleta draiva wenyewe. Njia ni hii:

(a) Katika kompyuta nyingine, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine yako. Tafuta kwa jina na namba ya mashine, uchukue draiva iitwayo Intel Rapid Storage Technology. Usichukue draiva kutoka mahali usipopajua.

(b) Ifungue kutoka katika kifurushi chake. Programu ya kusimika haisomi kifurushi kilichofungwa. Inataka folda yenye mafaili ambayo majina yake huishia na .inf na .sys. Wengi hukwama hapa.

(c) Weka folda hiyo katika flashi ya mfumo, au katika flashi ya pili.

(d) Ukifika kwenye orodha tupu, bonyeza "Load driver", halafu "Browse", uonyeshe folda hiyo. Chagua draiva iliyotajwa, uendelee. Baada ya muda mfupi diski itatokea.

Kwa wanaotumia Linux, mambo ni hayo hayo. Linux imeijua NVMe tangu mwaka 2012, lakini mashine ikiwa katika hali ya RAID, diski hufichika vilevile. Ubuntu ikikutana na hali hiyo hukuambia wazi uizime RST, yaani ile Rapid Storage Technology, ndani ya BIOS.

Pana onyo moja. Kabla ya kubadili neno lolote katika BIOS, piga picha ya ukurasa kwa simu. Na ikiwa mashine ina mfumo mwingine unaofanya kazi katika diski ya pili, kubadili RAID kuwa AHCI kwaweza kuufanya mfumo huo usiwake. Ukirudisha neno la kwanza, kwa kawaida utawaka tena. Ikiwa diski hiyo imefungwa kwa BitLocker, hakikisha mna namba ya kuifungulia kabla hamjagusa. Na kama kweli diski mbili zimeunganishwa kwa RAID, msiguse kabisa mpaka mafaili yote yamenakiliwa kwingine.

Kuna ujumbe mwingine unaopotosha watu. Programu ya Windows yaweza kusema kwamba kuna draiva ya chombo inakosekana, kabla hata ya kufika kwenye orodha ya diski. Mtu hukimbilia kutafuta draiva ya diski. Mara nyingi kosa liko katika flashi yenyewe: imeandikwa vibaya, au imechomekwa katika tundu ambalo programu haiwezi kulisoma. Ihamishie tundu jingine. Ikikataa, iandike flashi upya.

SWALI LA NNE: JE, IMEPIMWA?

Diski ikitokea katika orodha, huenda ikaandikwa "Unallocated Space". Maana yake ni ardhi isiyopimwa. Hilo si kosa. Diski mpya huja hivyo, kama shamba ambalo halijapigwa vigingi. Ichague, uendelee, na programu itaigawa yenyewe.

Lakini pengine diski ilikwisha kutumika, nayo programu hukataa ikisema ina MBR na mashine inataka GPT, au kinyume chake. Hizi ni namna mbili za kupima ardhi ya diski. MBR ni ya zamani, ilikuja na kompyuta ndogo mwaka 1983. Huruhusu vipande vikuu 4 tu, na haihesabu zaidi ya terabaiti 2 hivi. GPT ni mpya na haina vizuizi hivyo. Windows ikiwashwa kwa njia ya UEFI hutaka GPT. Ikiwashwa kwa njia ya zamani hutaka MBR. Kwa mashine ya leo, chagueni UEFI pamoja na GPT.

Ikiwa diski haina kitu unachokihitaji, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja, na dirisha jeusi litafunguka. Andika amri hizi moja moja, ukibonyeza Enter kila mara:

diskpart
list disk
select disk 0
clean
convert gpt
exit

Ndugu, amri ya clean ni kama moto wa kiangazi, haichagui miwa yako na ya jirani. Inafuta mpango wote wa diski iliyochaguliwa, wala haiulizi mara mbili. Namba 0 tumeiandika kama mfano tu. Yako yaweza kuwa 1 au 2, na flashi nayo humo orodhani. Itambue diski kwa ukubwa wake kabla ya kuandika namba. Njia salama kupita zote ni kuchomoa kabisa diski nyingine yoyote yenye mafaili, na kubaki na diski mpya peke yake.

JE, TUMEPUNJWA?

Mweka hazina wetu alipoona diski, alikasirika. Kwenye kasha pameandikwa gigabaiti 500, kwenye kioo pakasomeka 465. Alitaka kurudi dukani kugombana.

Hatukupunjwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,073,741,824. Gawanya baiti bilioni 500 kwa hesabu hiyo ya pili, utapata 465 na kitu. Kwa mpango huo huo diski ya 240 husomeka 223, na ya terabaiti 1 husomeka 931. Yule anayeuza kilo kwa mizani yake na yule anayenunua kwa mizani nyingine hawatapatana kamwe, ingawa mzigo ni ule ule. Sisi wa chai twalijua vizuri jambo la mizani. Ila diski ya 500 ikisomeka 120, hapo nenda dukani na risiti mkononi.

MFUMO GANI?

Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuangaliwa na watengenezaji tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hukataa mashine nyingi za zamani. Tawi lenye mashine ya zamani lisidhani kwamba limefungiwa mlango. Iko mifumo ya Linux, kama Linux Mint, Ubuntu na Debian, ambayo hutolewa bure kwa haki, bila leseni ya kununua wala ya kuiba, pamoja na programu za barua na hesabu. Tena flashi ya Ubuntu au Mint huweza kuwashwa kwa majaribio bila kusimika kitu. Ukifungua dirisha la amri na kuandika lsblk, itakuorodheshea diski zote inazoziona. Hicho ni kipimo kizuri kwa kila kamati kuwa nacho.

DISKI YA ZAMANI NI SIRI YA CHAMA

Diski iliyokufa haijafa yote. Mtu mwenye vifaa aweza kuyasoma yaliyomo. Na mna nini humo? Majina ya wote waliojiunga, pamoja na ya wale waliojiunga kwa siri. Kumbukumbu za vikao. Mashauri ambayo bado hayajapelekwa kwa mwajiri. Usimwachie fundi diski hiyo, wala usiitupe jalalani. Ikiwa mnatumaini kuokoa mafaili, na diski yatoa mlio wa tik-tik, acheni kuiwasha tena na tena, maana kila mwasho huiumiza zaidi. Iwekeni kabatini chini ya ufunguo mpaka apatikane mtaalamu mnayemwamini. Ikiwa hamna haja nayo, itobolewe kwa keekee mpaka sahani zake zipasuke, na iwe mbele ya wajumbe wawili wa kamati. Kwa diski ya SSD, zinazovunjwa ni chipu zake.

NAKALA

Diski zote hufa, ya bei kubwa na ya bei ndogo. Kwa hiyo kila tawi liwe na nakala tatu za mafaili yake: moja ndani ya kompyuta, ya pili katika diski ya nje au flashi, na ya tatu ikae mbali na ofisi, ili moto au mwizi asizipate zote kwa usiku mmoja. Nakala ifanywe kila Ijumaa, na jina la aliyeifanya liandikwe daftarini. Kisha mara moja kwa mwezi ifunguliwe kuonekana kama inasomeka. Nakala ambayo haijapata kufunguliwa ni ahadi tu.

Wala daftari la karatasi lisiachwe. Hapa Uganda mfanyakazi hukatwa 5% ya mshahara kwa ajili ya mfuko wa NSSF, na mwajiri huongeza 10%. Asiye na kumbukumbu zake mwenyewe atajuaje kama fedha hizo zilifika? Atategemea kitabu cha upande wa pili.

TULIVYOMALIZA

Mfumo uliwekwa usiku ule ule. Nakala yetu katika flashi ilikuwa ya miezi miwili nyuma, na hilo lilikuwa kosa letu, hatumsingizii mtu. Michango na mabadiliko ya miezi hiyo miwili tuliyatoa katika vishina vya risiti na daftari la karatasi. Wajumbe watatu walikesha siku mbili wakipokezana, mmoja akisoma, mmoja akichapa, mmoja akihakiki. Orodha ya waliopunguzwa iliingia katika kikao ikiwa na kila jina na kila tarehe ya kuanza kazi. Mwajiri alipinga majina mawili. Tukafungua vishina mbele yake, akanyamaza.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kompyuta ya tawi lenu ikifa leo usiku, kesho mtakuwa na nini mkononi?
2. BIOS inaiona diski, programu ya kusimika haiioni. Je, chuma ni kizima au kibovu? Eleza sababu.
3. Tafuteni katika mashine yenu kama diski zimewekwa RAID au AHCI. Andikeni jibu daftarini, pamoja na kitufe cha kuingilia BIOS.
4. Ni nani mwenye ufunguo wa kabati la nakala? Akisafiri, nani anaushika?
5. Chagueni wajumbe wawili, mmoja awe kijana, wajifunze kazi hii mpaka waweze kuifanya peke yao. Ujuzi wa mtu mmoja huondoka naye akihamishwa.

Tawi litakalokwama baada ya kupita maswali yote manne litupelekee barua. Tuandikieni aina ya mashine, aina ya diski, BIOS inasema nini, na maneno yaliyo kwenye kioo kama yalivyo, herufi kwa herufi. Tutayajibu katika somo lijalo.